Atwaaye Chombo cha Mpiga Muziki Atoe Dhamana

Mwanzoni mwa Februari 2020, Ballaké Sissoko, mpiga kora mashuhuri wa Mali, aliwasili Paris kwa ndege akitokea New York, baada ya kumaliza safari ya maonyesho katika miji ya Marekani. Alipofungua sanduku la kora yake alikuta vipande: shingo imeng'olewa, nyuzi zimetolewa, kijiti kinachobeba nyuzi hakiko mahali pake, na kifaa cha kukuzia sauti kimefunguliwa. Ndani ya sanduku mlikuwa na karatasi iliyochapwa ya Idara ya Usalama wa Usafiri ya Marekani (TSA), ya kumwarifu abiria kwamba mzigo wake umekaguliwa. Habari hiyo ilipoenea duniani, idara ilijibu kwamba haikulifungua sanduku hilo, kwa kuwa mashine yake haikuonyesha dalili yoyote ya baruti.

Mambo yalibaki hapo. Kora imevunjwa, na aliyeivunja hayuko. Mwenyewe anaonyesha karatasi, idara inaonyesha kumbukumbu zake, na baina ya viwili hivyo chombo cha kazi cha mtu kimelala kama kuni. Sisi hatukai hapa kama mahakama, wala hatuna ushahidi wa kumtia mtu hatiani. Walakini jambo moja ni dhahiri, na ndilo tunalotaka wafanyakazi walitafakari leo: chombo kile kilitoka mikononi mwa mwenyewe bila mtu yeyote kuweka sahihi kwamba amekipokea kizima na atakirudisha kizima. Wahenga wetu walikwisha kutuonya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Yafaa tueleze kora ni kitu gani, maana asiyeijua aweza kudhani kwamba hasara yenyewe ni ndogo. Kora ni ala ya Wamandinka wa Afrika ya Magharibi. Hutengenezwa kwa nusu ya kibuyu kikubwa kilichowambwa ngozi ya ng'ombe, ikatiwa shingo ndefu ya mti mgumu na nyuzi 21. Hujengwa kwa mkono, na hulinganishwa sauti kwa sikio la yule atakayeipiga. Hata vipande vyake vyote vikipatikana salama, huchukua majuma mengi kuirejesha kora katika sauti yake ya awali. Sissoko mwenyewe alirithi kazi hii kwa baba yake, Djelimady Sissoko. Na baba alipofariki, kijana aliingia katika kundi la taifa la muziki la Mali kushika nafasi yake. Basi kora ya mtu kama huyu ni nyenzo ya kazi, kama lilivyo jembe kwa mkulima, cherehani kwa mshonaji na wavu kwa mvuvi. Mvuvi aliyenyang'anywa wavu hafariji moyo kwa kuambiwa kwamba bahari bado ipo.

Wako watakaosema kwamba maneno haya yanadharau usalama wa abiria. Hasha. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayetaka ukaguzi uachwe. Mwezi wa Desemba 1988 ndege ya abiria ililipuliwa juu ya mji wa Lockerbie, Scotland, wakafa watu 270, na bomu lenyewe lilikuwa limefichwa ndani ya redio ya kaseti. Aliyekumbuka msiba huo hatamlaumu mkaguzi anayetazama kwa shaka kila kitu chenye sauti na nyaya. Sisi wa Afrika ya Mashariki hatuhitaji kufundishwa habari za mabomu. Asubuhi ya tarehe 7 Agosti 1998 Nairobi na Dar es Salaam zililia siku moja. Tena mkaguzi wa uwanja wa ndege naye ni mfanyakazi, aghalabu wa mshahara mdogo na zamu ndefu, na akikosea upande wa pili damu ya mamia ya watu yaweza kuwa juu yake. Twamheshimu.

Hoja yetu ni nyingine. Twasema kwamba kukagua chombo na kukitwaa chombo ni mambo mawili. Mtu aweza kukagua fidla kwa mashine, aweza kuigeuza, kuitazama ndani, kuipangusa kwa kitambaa cha kupimia baruti, na yote hayo akayafanya mbele ya macho ya mwenyewe. Ikiisha kukaguliwa, na ikionekana kwamba ni mti, gundi na nyuzi, hakuna usalama unaoongezeka kwa kuitupa katika tumbo la ndege. Hapo linalobaki ni suala la nafasi na la ada, na haifai masuala hayo yavikwe vazi la usalama ili watu waogope kuuliza.

Mambo ya London katika mwaka 2006 ni ushahidi mzuri wa maneno haya. Tarehe 10 Agosti mwaka huo, polisi wa Uingereza walipogundua njama ya kulipua ndege kwa baruti za maji, serikali ilipiga marufuku karibu mizigo yote ya mkononi. Abiria waliruhusiwa kupanda na vitu vichache vya lazima ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha. Katika saa zile za hatari amri hiyo ilikuwa na sababu. Lakini majuma yalipita, na wapiga fidla na selo waliendelea kuambiwa ama waweke ala zao pamoja na masanduku ama wasisafiri. Chama cha wapiga muziki cha Uingereza kilipiga kelele. Katika usiku wa mwisho wa tamasha la Proms, mwezi wa Septemba, mwongozaji Mark Elder alisimama mbele ya umati katika ukumbi wa Royal Albert na kuwatetea wenzake. Kabla mwezi huo haujaisha serikali ililegeza amri, na ala za muziki zikaruhusiwa tena katika chumba cha abiria, kwa sharti kwamba zikaguliwe. Ndege za Uingereza hazikuwa hatarini zaidi kwa sababu hiyo. Kilichobadilika ni kwamba wenye amri walikubali kutofautisha baina ya chupa ya maji yasiyojulikana na fidla inayoweza kukaguliwa.

Huenda msomaji akauliza: kwani tumbo la ndege lina ubaya gani? Mamilioni ya masanduku husafiri humo kila mwaka na nguo hufika salama. Ni kweli, kwa nguo. Fidla na selo hujengwa kwa mbao nyembamba zilizounganishwa kwa gundi ya ngozi za wanyama, gundi inayolegea kwa joto na unyevu. Mti nao hunywea hewa ikikauka na huvimba hewa ikiwa na unyevu. Katika kunywea huko ndiko ufa huzaliwa. Juu ya hayo nyuzi zimevutwa kwa nguvu saa zote, zikikandamiza kifua cha ala. Sanduku likianguka kutoka kwenye gari la mizigo, au likikaa juani huku ndege ikichelewa, mwenyewe hataona kitu kwa nje. Ataona atakapofungua. Ngoma ya ngozi, udi, kanuni na zeze zina maradhi yayo hayo.

Sasa natutazame sheria. Safari nyingi za kimataifa za ndege huongozwa na Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999. Mkataba huo wasema kwamba shirika la ndege litawajibika kwa mzigo uliosajiliwa ukiharibika ukiwa katika ulinzi wake. Hilo ni jema. Lakini wajibu huo una kikomo. Tangu Desemba 2024 kikomo ni vipimo 1,519 vya hesabu ya Shirika la Fedha la Kimataifa kwa kila abiria, yaani kama dola 2,000 za Marekani, bila kujali kama sandukuni mlikuwa na mashati au ala iliyochukua umri wa mtu kuinunua. Upinde peke yake wa mpiga fidla wa okestra waweza kupita bei hiyo. Tusizungumze habari za ala za kale kama fidla ya Stradivarius iitwayo Lady Blunt, iliyouzwa mwaka 2011 kwa dola milioni 15.9 ili fedha zisaidie walioathirika na tetemeko na mawimbi huko Japani.

Mkataba watoa mlango: abiria akitangaza thamani ya mzigo wake anapoukabidhi, na akalipa nyongeza iwapo itadaiwa, kikomo kile huondoka na shirika hulipa mpaka kiasi kilichotangazwa. Watoa pia onyo: anayelalamika kwa uharibifu hana budi kuandika madai yake katika muda wa siku 7 tangu kupokea mzigo. Ni wapiga muziki wangapi wa kwetu walioambiwa maneno haya mawili walipokuwa wakinunua tiketi? Maneno haya hukaa katika masharti yaliyochapwa kwa herufi za chungu, na kwa lugha isiyo ya nyumbani.

Na hapo ndipo penye ufa mkubwa kuliko wote. Shirika la ndege lina mkataba na abiria. Mkaguzi wa serikali hana. Mzigo ukitoka mikononi mwa mwenyewe hupita kwa karani, kwa mkaguzi, kwa wapakizi, kisha kwa wapakuzi wa nchi nyingine, na mara nyingi kila mmoja ni wa idara au kampuni yake. Ala ikivunjika kila mmoja humwonyesha mwenzake kidole. Mwanamuziki wa Kanada, Dave Carroll, gitaa lake lilivunjwa katika safari ya mwaka 2008 kupitia Chicago. Matengenezo yalimgharimu dola 1,200, na shirika lililombeba likamkatalia fidia kwa hoja kwamba hakuleta madai katika saa 24. Alihangaika kwa miezi mingi. Mwishowe, mwaka 2009, alitunga wimbo juu ya mkasa huo, ukasikilizwa na mamilioni ya watu, na ndipo shirika lilipoanza kuzungumza naye kwa adabu. Twampongeza kwa ushujaa wake, lakini sheria haiwi sheria ikiwa haki hupatikana kwa yule tu ambaye wimbo wake umependwa.

Wafanyakazi wasidhani kwamba jambo hili halina dawa. Nchini Marekani kwenyewe, chama cha wapiga muziki cha nchi hiyo kilidai kwa miaka mingi pawe na kanuni moja kwa mashirika yote. Mwezi wa Februari 2012 Rais Obama alitia sahihi sheria ya safari za anga yenye kifungu cha ala za muziki, na kanuni za utekelezaji zikaanza kutumika Machi 2015. Zinasema hivi: ala ndogo, kama fidla au gitaa, lazima ikubaliwe kama mzigo wa mkononi ikiwa inaenea katika kabati la juu au chini ya kiti na nafasi ipo wakati wa kupanda, aliyetangulia asitolewe nafasi kwa ajili ya aliyekuja nyuma. Ala kubwa, kama selo, yaweza kununuliwa kiti chake, maadam uzito wake haupiti ratili 165, yaani kama kilo 75, na yaweza kufungwa kwa usalama. Isiyoweza kuingia chumbani sharti ipokewe kama mzigo, ikiwa urefu, upana na kimo chake kwa pamoja havipiti inchi 150.

Hiyo ndiyo nguvu ya chama. Mpiga fidla mmoja akibishana na karani mlangoni huonekana mkorofi, na ndege humwacha. Maelfu wakisema neno moja mbele ya watunga sheria, karani yule yule hupewa kitabu cha kanuni na hujua la kufanya. Hata hivyo tusizidishe sifa. Kanuni hizo zinategemea nafasi iliyopo saa ya kupanda, na kiti cha pili kina bei ya kiti. Tajiri atamnunulia selo yake kiti karibu na dirisha. Mpiga muziki wa kawaida, hasa wa Afrika, hana uwezo huo, na ala yake itaendelea kushuka katika tumbo la ndege. Tena kora ya Sissoko ilivunjwa miaka 5 baada ya kanuni hizo kuanza. Kwa hiyo haitoshi kusema nani aingie chumbani. Yapasa kusema pia nani atajibu kwa kile kilichoingia shehenani.

Forodha nayo ina sehemu yake. Mwezi wa Desemba 2013 mpiga nai aliyetoka Morocco alipoteza filimbi zake New York. Maofisa walisema walichoharibu ni mimea mibichi iliyokatazwa kuingia nchini. Mwaka 2014 okestra moja ya Budapest ilizuiliwa pinde 7 katika kiwanja hicho hicho, kwa shaka kwamba zina pembe za ndovu. Kuzuia wadudu wa mimea na kulinda ndovu ni kazi njema, na Tanzania na Kenya ndizo za kwanza kuunga mkono vita dhidi ya majangili. Lakini upinde uliotengenezwa zamani, uliomo mkononi mwa mpiga fidla anayekwenda kazini na kurudi, sio biashara ya pembe. Asiyetofautisha hayo hamwokoi ndovu hata mmoja.

Katika jambo hili sisi si watazamaji tu. Mti unaotengenezwa klarineti, obo na zumari nyingi za okestra za Ulaya ni mpingo wetu, unaoota Lindi, Kilwa na sehemu nyingine za kusini. Wanavijiji wa Kilwa walianza mwaka 2009 kuvuna mpingo wa misitu yao wenyewe kwa cheti cha kimataifa cha utunzaji bora. Januari 2017 mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini uliweka jamii yote ya miti hiyo chini ya udhibiti, na mara klarineti na gitaa zikaanza kuhitaji vibali katika safari za biashara. Wapiga muziki na watengenezaji walilalamika kwa hoja, na mkutano wa Geneva wa mwaka 2019 ukaziondoa ala zilizokwisha kutengenezwa, huku magogo yakibaki chini ya ulinzi. Msitu haukupoteza chochote kwa uamuzi huo, wala mpiga klarineti. Hii ni mara ya pili katika makala haya tunaona kwamba amri iliyotungwa kwa haraka yaweza kurekebishwa bila kuharibu lengo lake, ikiwa tu wenye kazi wamesikilizwa.

Wapiga muziki wetu nao husafiri. Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyefariki mwaka 2003, alizungusha ilimba na zeze ulimwenguni. Kundi la Culture Musical Club la Unguja, lililoanza mwaka 1958, limepeleka taarab mpaka Ulaya pamoja na udi, kanuni na fidla zake. Ala za watu hawa zina shida zaidi kuliko fidla ya London. Fidla ya London ina hati ya fundi, bei ya mnada na karatasi ya bima. Zeze halina duka wala bei iliyoandikwa. Ofisa wa ugenini huona kibuyu, ngozi na kijiti, akadhani ni takataka. Likivunjika, atamlipa mwenyewe nini, na kwa hesabu ipi? Kitu kisicho na bei madukani hugeuka kuwa kitu kisicho na thamani mezani pa fidia. Huo ni udhalimu, ingawa hakuna aliyeukusudia.

Basi sisi twapendekeza mambo manne, na twayapeleka kwa mashirika ya ndege, kwa wenye mamlaka ya viwanja na kwa vyama vya wasanii.

Kwanza, kanuni za ala za muziki ziandikwe wazi, kwa Kiswahili pia, na abiria aonyeshwe kabla ya kulipa nauli. Karani wa mlangoni asiachiwe atunge kanuni kwa kutazama sura ya mtu.

Pili, ala ikaguliwe mbele ya mwenyewe kila iwezekanapo. Ikibidi kufunguliwa akiwa hayupo, mkaguzi aandike saa, mahali na nambari yake, na aeleze alichogusa. Karatasi iliyochapwa isiyo na jina la mtu haitoshi.

Tatu, kila anayeitoa ala mikononi mwa mwenyewe atoe stakabadhi inayotaja hali yake, na abaki na dhamana mpaka atakapoikabidhi kwa mwingine kwa sahihi. Hivyo ikivunjika itajulikana imevunjika kwa nani. Mzigo wa barua hufuatwa hivyo tangu zamani. Kwa nini chombo cha kazi cha mtu kisifuatwe?

Nne, vyama vya wasanii vifungue daftari la ala za wanachama: picha, jina la fundi, umri wa ala, na thamani iliyokadiriwa na wazee wanaoijua kazi. Mwanachama anayesafiri apewe nakala, afundishwe kutangaza thamani, na akumbushwe zile siku 7. Chama ambacho hukusanya ada na kushindwa kufanya hili, wanachama wake wana haki ya kukiuliza.

Nao wapiga muziki wana wajibu wao. Wafike mapema, wafungue masanduku yao kwa hiari, wasifiche kitu kilichokatazwa nyuma ya heshima ya sanaa, na wasimtukane askari anayetimiza kazi. Anayedai kuheshimiwa kama mfanyakazi na aheshimu mfanyakazi mwenzake.

Ulimwengu umetumia akili nyingi na fedha nyingi kuhakikisha kwamba hakuna sanduku linalopanda ndege bila kujulikana lina nini. Haiwezekani akili hiyo hiyo ishindwe kujua sanduku limepitia mikono ya nani. Sahihi moja juu ya karatasi haichelewishi ndege. Nayo itamfanya kila atwaaye chombo cha mwenzake akishike kama amana, akijua kwamba jina lake limeandikwa na kwamba ataulizwa.